Mnaokuja kusoma uzamili Marekani, itazameni namba ya kozi

Wadogo zangu mnaokuja kuanza uzamili Marekani, hongereni sana. Kabla hamjajisajili muhula wa kwanza, naomba mnisikilize kuhusu namba za kozi, maana zimewaliza wengi.

Huku kozi unachagua mwenyewe, na mfumo unaweza kukusajili kwenye kozi ya shahada ya kwanza bila kukuonya. Vyuo vingi huweka namba 100 hadi 499 kwa shahada ya kwanza, na 500 kwenda juu kwa uzamili, ingawa kila chuo kina utaratibu wake. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, kozi za 300 hadi 699 huwachanganya wa ngazi zote mbili. Zipo pia kozi zenye namba mbili: darasa moja, mwalimu mmoja, ila wa namba ya juu anaongezewa kazi, mara nyingi andiko la utafiti. Ukijisajili kwa namba ya chini, utahudhuria vipindi vyote na huenda kozi isihesabiwe kwenye shahada yako.

Zito zaidi ni fedha. Kama unalipiwa ada kwa sababu unafundisha au unasaidia utafiti, isome barua ya ufadhili mstari kwa mstari, kwa kuwa nyingi hugharimia kozi za uzamili tu. Aliyesoma sosholojia akahamia takwimu huenda akalazimika kurudi kwenye kalkulasi, hisabati ya ngazi ya shahada ya kwanza, na bili ya kalkulasi hiyo inaweza kumwangukia yeye. Kwa mtoto wa mkulima hizo ni fedha za kuuza shamba. Ulizeni mapema kama idara inaweza kuilipia, au kama mnaweza kuhudhuria bila krediti, yaani bila vile vipimo vya uzito wa kozi vinavyohesabiwa kwenye shahada.

Halafu viza. F-1, yaani viza ya mwanafunzi, inakutaka usome kwa muda wote. Kwa shahada ya kwanza kanuni inataja krediti 12 kwa muhula. Kwa uzamili chuo ndicho kinachopanga, na vingi vimeweka 9. Msidhani kozi ya ngazi ya chini itaingia tu kwenye hizo 9. Mwulizeni mshauri wa idara na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, majibu yaje kwa barua pepe. Na kozi ikiwashinda, msiiache kabla ya kupata idhini ya ofisi hiyo, maana kushuka chini ya kiwango kunahatarisha viza yenyewe.

Nanyi mnaomalizia shahada ya kwanza hukuhuku Marekani, kozi ya uzamili mnaweza kuiomba kwa idhini ya mwalimu. Ila semeni mapema mnataka ihesabiwe kwenye shahada ipi, kwa sababu vyuo vingi havihesabu krediti zilezile mara mbili, isipokuwa kwenye programu zinazounganisha shahada zote mbili.