Usifungue injini ya jetiski kabla hujajua maji yanaingilia wapi

Jetiski, yaani pikipiki ya majini, ikirudi mwalo wa Kibirizi, Kigoma, imelemea nyuma na tumbo (sehemu ya ndani ya chombo) limejaa maji, mafundi wengi hukimbilia spana. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, inafunguliwa, gasketi inayoziba kiungo chake inaagizwa Dar es Salaam, mwenye chombo anasubiri na kulipa, na siku ya kuirudisha ziwani maji yanaingia vilevile. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo ni mpira wa kupitisha maji au klempu inayoubana tu.

Elewa kwanza maji yanavyotembea. Pampu inayosukuma chombo ndiyo pia inayopeleka maji ya kupozea: sehemu ya maji yenye presha huchepushwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye egzosi na, kwa injini nyingi, hadi kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Jetiski za chapa ya Sea-Doo zenye injini ya mipigo minne ni tofauti kidogo: injini hupozwa na kulanti, kimiminika maalumu kinachozunguka ndani kwa ndani, maji ya ziwa yanapoza egzosi. Kwa hiyo ukipiga resi, presha inapanda. Mpira uliopasuka kidogo unaweza kutulia kabisa injini ikiunguruma taratibu, kisha ukamwaga maji chombo kikikimbia.

Kausha tumbo kwa kitambaa hadi pembeni, kaza vizibo vya nyuma, kishushe majini injini ikiwa imezimwa, ukiache robo saa. Maji yakiingia hapo, anza na bodi, vizibo na sili ya shafti, ule mhimili unaozungusha pampu. Kikibaki kikavu, sasa shughulika na mipira. Msimu wa upepo wa kusini, kati ya Mei na Septemba, ulizia pia kama kilipigwa na mawimbi, maana maji huweza kuingilia kwenye matundu ya hewa.

Nchi kavu, unganisha bomba la bustani. Washa injini kwanza, ndipo ufungue maji mara moja. Ukimaliza funga maji kwanza, kisha zima. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanaweza kurudi kupitia egzosi hadi ndani ya silinda. Kabla ya kuwasha, paka unga mkavu kwenye kila kiungo cha mpira. Tone likipita linaacha mchirizi, nawe unaufuata kwenda juu, kwa sababu maji yanadondoka mbali na yalikotokea. Kuna jetiski ya hoteli iliyokuwa imehukumiwa gasketi. Mchirizi ulinipeleka chini ya egzosi, mahali mpira ulipokuwa ukisuguana na kichwa cha bolti. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele.

Kama hujaona kitu, funga jetiski kwa kamba imara kwenye trela, majini penye kina cha mita moja hivi ili pampu isivute mchanga, fungua kifuniko mvuke wa petroli utoke, kisha piga resi huku ukimulika kwa tochi. Mikono na nguo mbali na shafti.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Hapo maji yameingia ndani ya injini, na kufungua kuna sababu.

Ukinunua iliyotumika baharini, chunguza viungo vya alumini: unga mweupe ni kutu ya alumini iliyokwisha kuliwa na chumvi, na klempu mpya haitashika juu yake. Safisha au badilisha kiungo chenyewe, kisha rudia jaribio la resi kabla hujamkabidhi mtu funguo.