Babu alihamia, mimi je? Mhamaji, mhamiaji na raia wa kuzaliwa

Swali

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Mmakonde wa Kwale. Babu yetu alitoka Msumbiji akaja kufanya kazi katika shamba la mkonge, na amezikwa huku huku. Baba alizaliwa hapa, mimi pia nimezaliwa hapa. Sasa naandika historia ya ukoo wetu ili watoto waje kuisoma, lakini nimekwama kwenye sentensi ya kwanza: "Babu yetu alihama Kenya mwaka 1948, na sisi wahamaji wa Kimakonde tulipewa uraia wa kuzaliwa mwaka 2016." Jirani yangu aliyewahi kuwa mwalimu anasema niandike "wahamiaji". Kijana wangu anataka "walowezi". Mwingine ameniambia "wahajiri" ndilo neno lenye heshima. Nishike lipi?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma sentensi yako mara kadhaa, na nimefurahi kwamba ulisimama hapo badala ya kuipita. Imebeba maneno yanayoamua nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na watoto wako wataanza kujijua kwa maneno hayo. Basi twende polepole.

Tuanze na "alihama Kenya". Kuhama ni kuondoka mahali ulipokuwa ukikaa. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali papya. Kinachovitenga vitenzi hivi ni i moja tu, ile ya kauli ya kutendea: isipokuwepo mtu anatoka, ikiwepo mtu anaingia. Kwa ulivyoandika, babu yako aliondoka Kenya mwaka 1948. Ulichotaka kusema ni kwamba alihama Msumbiji akahamia Kenya. Wala usiandike "alihamia katika Kenya", kwa sababu i hiyo imekwisha kuifanya kazi ya "katika". Kosa la kuvichanganya vitenzi hivi nalisikia hata redioni, mtu akisema "fulani amehama Nairobi" huku akikusudia kwamba fulani sasa anaishi Nairobi.

Jirani yako basi ameona vizuri. "Mhamaji" limetoka kwenye hama, na kiambishi -aji humtaja mtu kwa jambo alilolizoea au linalomlisha: msomaji, mfugaji, mwindaji, mchezaji. Mhamaji ni yule ambaye kuhama ndiyo desturi yake, kama mfugaji anayefuata maji na malisho. Babu yako hakuwa hivyo. Alifika, akashika panga la kukatia mkonge, akajenga, akazaa, akazikwa.

"Mhamiaji" limetoka kwenye hamia, nalo ndilo neno lililozoeleka kwa mtu aliyeingia nchi nyingine kukaa. Lina hata idara yake, Idara ya Uhamiaji. Kwa babu yako linafaa kabisa. Ila hapa naachana na jirani yako, maana yeye anataka ulitumie kwako wewe pia, na kwako halifai. Nomino iliyoundwa kwa kitenzi humwita mtu kwa alichokitenda. Mpishi amepika, mjenzi amejenga, mhamiaji amehamia. Wewe umehamia wapi, kutoka wapi, siku gani?

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusahihisha Kiswahili cha fomu moja ya kuandikisha wakazi. Pamoja nayo nilipewa nakala chache zilizokwisha kujazwa, nione watu wanakwama wapi. Swali mojawapo lilisema: "Mwaka uliohamia Kenya." Msichana wa miaka 17, mzaliwa wa pwani, alikuwa ameandika mwaka wake wa kuzaliwa kwa kalamu ya buluu. Akaukata. Kisha akauandika tena juu yake, safari hii kwa kukandamiza hadi karatasi ikatoboka kwenye tarakimu ya mwisho. Angeandika nini kingine? Aliulizwa amehamia lini, na yeye hajawahi kuhama hata kijiji. Niliandika pembeni kwamba swali hilo lisiwekwe mbele ya mtu aliyezaliwa hapa. Fomu ilipochapishwa, swali lilikuwa bado lipo. Ile karatasi iliyotoboka siisahau.

Jambo hilo hilo limelikumba neno "mkimbizi". Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na ya Kakuma mwaka 1992. Wamo humo watu wazima waliozaliwa humo humo, wakasoma humo, wakaoa humo, na bado wanaitwa wakimbizi ingawa hawajapata kukimbia. Sheria ina sababu zake za kulitumia neno hilo, kwani linampa mtu hifadhi na haki fulani. Lakini sikio la Mswahili husikia kukimbia ndani ya mkimbizi, na halina njia ya kujua kwamba aliyekimbia ni mama yake.

Sasa "mlowezi" la kijana wako. Kwa asili halina ubaya. Limetokana na lowea, yaani kukaa mahali pa ugenini hadi ukapazoea. (Hiyo z imetoka kwenye l iliyojificha katika kitenzi. Utaiona ikichungulia katika kimbia, kimbilia, mkimbizi, au katika lea, lelewa, mlezi.) Ukilichukua kwa mzizi wake, babu yako alikuwa mlowezi hasa. Lakini neno halisikiki kwa mzizi peke yake. Mkenya akisikia "walowezi" anawaona wazungu wa enzi ya ukoloni waliogawiwa nyanda za juu wakati wenyeji wakisukumwa kwenye maeneo ya akiba. Babu yako hakumnyang'anya mtu ardhi. Alikata mkonge kwenye shamba la mwingine. Ukiandika mlowezi, utamvika kanzu isiyo yake, na mjukuu atakayesoma kitabu chako baada ya kutoka kwenye somo la historia atachanganyikiwa.

"Mhajiri" limekuja na Kiarabu, kutoka mzizi mmoja na Hijra, na Waislamu wa pwani watalisikia pamoja na kumbukumbu ya Muhajirina waliotoka Makka kwenda Madina mwaka 622 wakapokewa na Ansari. Ni neno la heshima kweli, na kwa babu unaweza kulitumia ukipenda. Kwako lina upungufu ule ule wa mhamiaji, kwa kuwa nalo humtaja aliyesafiri.

Niseme pia neno moja ambalo hukuliuliza, maana nahofia utalikuta ukipekua magazeti ya zamani: "wahamiaji haramu". Haramu ni sifa ya tendo au kitu. Biashara inaweza kuwa haramu, silaha inaweza kuwa haramu. Mtu kuwa haramu ni jambo jingine, na katika Kiswahili sifa hiyo ikimgusa binadamu inakaa karibu mno na lile tusi la mwanaharamu. Mtu aliyeingia bila ruhusa ameingia kinyume cha sheria, na kusema hivyo kunatosha, kwa kuwa kunataja kosa na kumwacha mtu akiwa mtu. Ukinukuu gazeti, nukuu kama lilivyo. Maneno yako mwenyewe yaweke safi.

Nimefika kwenye sehemu ya sentensi yako ambayo nimeifikiria zaidi: "uraia wa kuzaliwa".

Zaliwa ni kauli ya kutendwa ya zaa, na kama vitenzi vyote vya kutendwa, inaweza kufuatwa na mtendaji: umezaliwa na nani. Inaweza pia kufuatwa na mahali: umezaliwa wapi. Sisi mitaani tunaposema "mzaliwa wa Kwale" tunataja mahali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inaposema mtu ni raia kwa kuzaliwa, inamtazama mtendaji. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe Kenya. Neno ni moja, ila mtaa unauliza wapi na sheria inauliza na nani. Katikati ya maswali hayo mawili wamepotelea watu wengi, nanyi mkiwa miongoni mwao. Mlikuwa wazaliwa wa Kenya kwa kila maana ya mtaani, na kwa kuwa wazazi wenu hawakuhesabiwa kuwa raia, sheria haikuwahesabu nanyi. Babu alihamia, na kuhamia kwake kukarithiwa kama jina la ukoo.

Kwa hiyo mwaka 2016, baada ya ule msafara wenu wa miguu wa kudai uraia, kutoka Kwale kwenda Nairobi mwezi Oktoba, na vitambulisho vilivyotolewa Desemba, hamkupata uraia wa kuzaliwa. Mlipata uraia kwa kusajiliwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilikuwa imefungua mlango huo kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wameishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, na kwa vizazi vyao. Na wanao waliozaliwa baada ya wewe kusajiliwa, hao ndio raia wa kuzaliwa. Ukitaka sura nzima ya kitabu chako, iko hapo: katika nyumba moja, babu ni mhamiaji, mwana ni mzaliwa asiyetambuliwa, mjukuu ni raia wa kusajiliwa, kitukuu ni raia wa kuzaliwa, na wote wamekunywa maji ya kisima kimoja.

Sheria hiyo inamtaka mwombaji awe anajua Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Ni sharti ninaloliheshimu, kwani lugha ndiyo inayomwezesha mtu kusimama barazani akajieleza bila mkalimani. Lakini tuwatazame Wapemba wa Kilifi na Kwale, ambao wazee wao walitoka kisiwani Pemba. Hawa Kiswahili hawakujifunza. Kipemba ni lahaja ya Kiswahili, wamenyonya nacho. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo walivua samaki pwani ya Kenya miaka na miaka bila kitambulisho, hadi walipotambuliwa mwaka 2023. Na wengi wetu tumewahi kumsikia mtu akimwambia mwenzake, "Kiswahili chako kizuri mno, wewe ni wa ng'ambo ya mpaka." Inanisikitisha kila ninapoisikia. Tunakiita Kiswahili lugha ya taifa, halafu anayekisema kwa ufasaha tunamtilia shaka kuwa si wa taifa. Washona wa Kiambu, ambao wazee wao walikuja na kanisa lao kutoka nchi inayoitwa sasa Zimbabwe, walikuwa wakizungumza Kishona nyumbani na Kiswahili na Kikuyu sokoni. Nao walisubiri hadi Sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 2020 ndipo kutambuliwa kwao kutangazwe. Lugha hawakuikosa. Walichokikosa ni mtu wa kuwaandika kitabuni.

Imebaki namna ya kujiita. Huenda utashauriwa uandike "Wakenya wenye asili ya Kimakonde". Kisarufi hakuna tatizo. Ila jiulize nani mwingine anaandikwa hivyo. Wadigo, majirani zako hapo Kwale, wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Wamasai vivyo hivyo, na Wakuria, na Waluo. Sijapata kusoma "Mkenya mwenye asili ya Kidigo". Tunasema Mdigo wa Kenya, Mdigo wa Tanzania, basi. Maneno "mwenye asili ya" hupewa yule ambaye bado tunamwona mlangoni. Wewe umekwisha ingia. Andika "Wamakonde wa Kenya", kama wewe mwenyewe ulivyojitaja mwanzoni mwa barua bila kuulizwa na mtu: "Mimi ni Mmakonde wa Kwale." Ulikuwa umepatia kabla hujaanza kuwasikiliza washauri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo jembe ndilo linalouondoa ugeni: aliyelishika anahesabiwa na wenye nyumba. Babu yako alishika panga lake la mkonge toka mwaka 1948.

Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza mimi ningeiandika hivi, nawe iguse utakavyo: "Babu yetu alihama Msumbiji akahamia Kenya mwaka 1948, baba yetu alizaliwa Kwale, nasi tukazaliwa Kwale, na mwaka 2016 sisi Wamakonde wa Kenya tulisajiliwa kuwa raia." Ukiweza, baada ya nukta hiyo taja majina ya watoto waliozaliwa tangu mwaka huo, kila mmoja na tarehe yake.