Maswali ya Wasomaji: Gari Lililotembea Kilomita 230,000, Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua gari la petroli lililokwisha kutumika, ambalo odometa yake inasoma kilomita 230,000. Halina kumbukumbu yoyote ya matengenezo, na aliyeniuzia hajui ni lini kilibadilishwa nini. Ninazo spana, jeki na hamu ya kujifunza. Je, nibadilishe kila kitu kwa mkupuo, au kuna cha kutangulia? Zaidi ya hayo, oili ya injini hupungua kiasi cha nusu lita kila kilomita 1,000. Je, injini imekwisha?
*Mwanagenzi wa Spana*

JIBU: Ndugu Mwanagenzi, usibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Ukigusa vitu kumi leo na kesho gari likaanza kutetemeka, hutajua ni kipi kati ya hivyo kilicholeta hitilafu. Tafuta daftari, andika kilomita za leo, na kila utakachofanya kiingie humo pamoja na kilomita zake.

Kinachotangulia ni kile ambacho kikikatika huiua injini papo hapo. Tazama katika kitabu cha gari kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi, yaani ule unaofanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, au mnyororo. Ikiwa ni mkanda, na hakuna anayejua ulifungwa lini, uhesabu kuwa umekwisha, kwa sababu waundaji wengi huuwekea kikomo cha kati ya kilomita 80,000 na 160,000, na kikomo cha miaka pia, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Katika injini nyingi, mkanda huo ukikatika baadhi ya valvu hubaki wazi, pistoni zikazigonga na kuzipinda. Kazi hii, pamoja na ya pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo, mpe fundi mzoefu. Sioni aibu kusema hivyo kwa mtu anayetaka kujitengenezea gari lake, maana kuupachika mkanda kwa kukosea meno machache kunaweza kuleta hasara ileile.

Kuhusu oili, nusu lita kwa kilomita 1,000 ni nyingi, lakini si hukumu ya kifo. Injini nyingi za umri huo hunywa oili na bado zinavuta vizuri. Kinachoziua ni mwenye gari kungoja taa ya oili iwake, ilhali katika magari mengi taa ile huonya kuhusu presha, wala si kiwango, na inapowaka huenda vyuma vimeshaanza kusagana. Pima kwa kijiti kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa.

Kisha tafuta oili inakokwenda. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Ukikuta madoa, anza kukagua juu ukishuka, kwa sababu oili hutiririka, na tone unaloliona kwenye sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, huenda limeanzia kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ambayo katika injini nyingi unaweza kuibadilisha mwenyewe. Pasipo madoa, mwombe mtu asimame nyuma ya gari atazame moshi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi unapowasha, kisha ukakoma, kwa kawaida hutokana na sili za valvu zilizokauka. Unaozidi unapokanyaga mafuta huelekea kwenye ringi za pistoni. Hata hivyo, kabla ya kuzilaumu ringi, safisha au badilisha valvu ndogo ya PCV inayoondoa mvuke kutoka ndani ya injini, kwani ikiharibika nayo hufanya oili ivutwe na kuungua. Wapo watakaokushauri umimine oili nzito zaidi; shikamana na viwango vilivyotajwa katika kitabu cha gari, ambavyo mara nyingi ni zaidi ya kimoja.

Jeki ni ya kuinulia gari tu, si ya kulishikilia. Usiingize hata bega chini ya gari lisilokaa juu ya stendi imara, penye sakafu ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa magogo. Kifuniko cha rejeta nacho kifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu maji yaliyo chini ya presha huwa moto kupita kiwango cha kawaida cha kuchemka, na ukifungua hububujika usoni.

SWALI: Gari langu la giaboksi otomatiki limefika kilomita 190,000 na sidhani kama oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa. Nimeambiwa nikiibadilisha sasa, giaboksi itakufa. Ni kweli?

JIBU: Oili mpya haiui giaboksi iliyo salama, ila watu wengi huikumbuka giaboksi ikiwa tayari inateleza, kisha lawama zikaangukia oili. Kama yako bado inabadilisha gia bila kuchelewa wala kushtuka, mimi ningeibadilisha kwa utaratibu: fungua boliti ya sampu ya giaboksi, pima kiasi kilichotoka, urudishe kiasi hichohicho cha aina iliyoagizwa na muundaji, kisha urudie baada ya kilomita elfu chache. Mara nyingi kinachotoka ni chini ya nusu, kwani nyingine hubaki ndani ya torki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa kutumia oili, na ndiyo maana mara moja haitoshi. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya presha katika giaboksi iliyosahauliwa miaka mingi. Sampu ikifunguliwa, tazama sumaku zilizomo: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinahitaji fundi wa giaboksi kabla gari halijarudi barabarani.