Nenda kliniki ya vidonda kabla hujanunua leza

Wewe unayeanza uzamivu wa vihisio vya mwanga kwa ajili ya vidonda sugu, mimi nilianza kinyume, na nisingependa upite njia hiyo.

Mwaka wa kwanza nilijifungia maabara hapa Uingereza, nikipaka rangi inayobadilika kufuatana na pH, yaani kipimo cha asidi, kwenye ncha ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Wazo ni zuri: ngozi nzima ina asidi kidogo, pH ya 4 hadi 6 hivi, ilhali kidonda sugu mara nyingi hupita 7. Ukiisoma pH bila kufungua bandeji, unamwepushia mgonjwa maumivu ya kubanduliwa shashi iliyogandana na nyama. Kwenye vimiminika vya maabara kihisio changu hakikukosea hata mara moja.

Siku nilipokitia kwenye majimaji halisi ya kidonda, vipimo vilianza kuhama ndani ya saa chache. Protini zilikuwa zimekigandia kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, na rangi ilikuwa inavuja. Kazi ya miezi ikaanza upya.

Ndipo nikaomba kukaa kliniki, siku moja kwa wiki. Nesi wa vidonda alikuwa akifungua bandeji, ananusa kwanza, anabonyeza ngozi ya pembeni kwa kidole, anauliza bandeji ililowa lini. Nikamwonyesha uzi wangu. Akaukunja, akasema: huyu mzee ana kisukari, unyayo wake hauhisi, akiukanyaga huu usiku kucha, asubuhi nitakuwa na vidonda viwili. Hakuna makala niliyosoma iliyonieleza hivyo. Nilibadili kila kitu: uzi laini wa plastiki, uliofumwa ndani ya kitambaa, na sehemu kadhaa za kupimia, kwa sababu ukingo wa kidonda na katikati yake havisomeki sawa.

Jambo la pili naliomba kwa moyo wote: usijaribie kifaa chako kwenye ngozi nyeupe peke yake. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga. Oksimita ya kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, hutumia mwanga mwekundu na infraredi, na mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilichokuwa hospitalini miaka yote hiyo! Hata wekundu wa maambukizi tunaofundishwa kuutafuta, kwenye ngozi zetu huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, na wengi huupita. Mgonjwa wa kisukari anaweza kupoteza mguu hivyo.

Kwa hiyo taja rangi zote za ngozi katika ombi la kibali cha maadili, kile cha kufanya utafiti kwa wagonjwa, tangu mwanzo, na uliandike ombi hilo mwaka wa kwanza. Mimi nilisema nitaongeza baadaye. Marekebisho yale yalichukua miezi minne, na muda wote huo wagonjwa niliowahitaji walikuwa wakipita kliniki mbele ya macho yangu.