Draiva za planar kwa hedifoni ya kujitengenezea: nunua hedifoni nzima, uifungue

Mkuu, umeuliza upate wapi jozi ya draiva (viini vinavyotoa sauti) za planar za kuweka kwenye vikombe vyako vya mninga, na kama zile zinazouzwa AliExpress zinafaa. Njia zote mbili nimezipitia. Ushauri wangu: achana na draiva zinazouzwa peke yake, tafuta hedifoni iliyotumika uitoe draiva zake.

Kariakoo usijisumbue. Draiva za kule ni za kawaida, zenye koili ya waya, za kubadilishia zilizoungua. Planar ni utando mwembamba wa plastiki wenye njia za metali zinazopitisha umeme, umewambwa mbele ya safu za sumaku au katikati yake. Mkazo wa utando ukitofautiana kidogo tu kati ya kushoto na kulia, utasikia. Jozi niliyoagiza China ilikuja upande mmoja besi imepwaya, na muuzaji hakuwa na kipimo chochote cha kuonyesha kwamba zililinganishwa.

Halafu kuna usafiri. Kanuni za IATA, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hupima nguvu ya sumaku umbali wa mita 2.1 kutoka kwenye mzigo. Draiva mbili kwa kawaida hazifiki kiwango cha kuzuiwa, lakini wakala akiona tu neno sumaku kwenye karatasi, mzigo unashushwa kwenye ndege na kusubiri meli. Hedifoni kamili haipati usumbufu huo.

Tafuta hedifoni ya planar ya Fostex T50RP, hasa mk3 (toleo la tatu). Dan Clark, mwanzilishi wa kampuni ya hedifoni ya MrSpeakers (sasa Dan Clark Audio), alianza kwa kuzifanyia T50RP za awali marekebisho, na kampuni ya ZMF nayo ilianzia hapo, kwa hiyo maelezo ya kuijaza pamba na kuziba matundu yake yamejaa mtandaoni. Itoe draiva pamoja na sahani yake ya mbele, usiibandue. Angalia tu kwamba sahani hiyo si ya duara. Kama vikombe vyako vimechongwa kwa mashine ya kukerezea, utahitaji kipande cha kuunganishia.

Usisahau ampu, yaani kikuza sauti. Mk3 ina ukinzani wa omu 50 na hutoa sauti ya desibeli (dB) 92 kwa miliwati 1. Ukitaka ifike dB 110 kwenye vilele vya muziki, unahitaji kama miliwati 63, yaani takriban volti 1.8. Adapta ya simu yenye volti 1 inakuishia dB 105, na ukishaanza kunyanyua besi kwa ikwalaiza inakwama mapema zaidi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na multimita, kifaa cha kupimia umeme. Ukinzani wa planar haubadilikibadiliki na masafa kama wa koili, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinatosha: pande zote zisome karibu na omu 50 na zifanane. Vaa, kisha bonyeza vikombe taratibu kwenye masikio. Ukisikia mlio kama wa karatasi inayokunjwa, huenda utando umeshapata mikunjo, rudisha.

Nyumbani, ufundi wa chuma uumalize kabla ya kufungua draiva. Chembe moja ya chuma kilichopigwa tupa ikivutwa na sumaku ikagusa utando, itakwaruza kila noti ya besi, na kuitoa ni kazi ya kibano na utepe wa gundi chini ya taa kali. Mito ya masikio nayo izibe vizuri kuzunguka sikio. Ikivuja hewa, besi ya planar inapungua sana.

Niandikie kipenyo cha ndani cha vikombe kabla hujalipa, nikuambie kama sahani itaingia.