Filamu za Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu: moshi, miguu na mizigo

Mkuu umeuliza kama kuna maana yoyote watu kubishana kurasa na kurasa juu ya vifungo vya koti na aina ya kifaru kwenye filamu za vita, wakati filamu yenyewe ni burudani. Nimefanya kazi kitengo cha mavazi na vifaa kwenye filamu za kumbukumbu, zikiwemo zenye maigizo ya vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, kwa hiyo nachangia kwa upande huo.

Kuna makosa ambayo hayamuumizi mtu. Kwenye Saving Private Ryan ya 1998, vile vifaru vya Tiger ni T-34 za Kirusi zilizovalishwa mabati. Kwenye Fury ya 2014 walitumia Tiger halisi, namba 131, iliyotekwa Tunisia mwaka 1943 na kutunzwa makumbusho ya Bovington, Uingereza. Nilifurahi sana kuiona, lakini ile ya kwanza haikuharibika kwa sababu ya mabati. Kifaru kilitisha kama kilivyotakiwa kutisha. Mimi nakasirikia kosa linalobadilisha namna watu walivyopigana, walivyotembea na walivyokufa, na kwa vita vya huku kwetu makosa ya aina hiyo ni mengi mno.

Chukua bunduki. Vita vilipoanza, kombania nyingi za Schutztruppe, yaani jeshi la Wajerumani la koloni, zilikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi mweupe linaning'inia palepale ulipo na kila mtu upande wa pili anajua pa kupiga. Askari mwenye bunduki hiyo hawezi kulala kichakani akafyatua mara kumi kwa utulivu kama tunavyoonyeshwa. Sasa soma tena habari za Tanga, Novemba 1914. Waingereza na vikosi vyao kutoka India walishambulia kutoka baharini wakashindwa, na waliporudi melini waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000. Kwa jeshi ambalo bahari ilikuwa imefungwa na halina pa kuagiza, zile zilikuwa ndizo pumzi ya kuendelea. Lakini ukimpa kila askari bunduki isiyotoa moshi tangu dakika ya kwanza ya filamu, mtazamaji hataelewa kwa nini nyara zile zilikuwa muhimu kiasi hicho.

Halafu miguu. Hapa nimebishana na waongozaji zaidi ya mahali pengine popote. Wanataka buti, kwa sababu buti zinapendeza kwenye kamera na zinapiga mdundo mzuri. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Kiafrika la Waingereza) wa wakati ule alitembea peku au na makubadhi. Alikuwa na kaptula ya kaki, muundi umezungushiwa kitambaa kirefu kilichofungwa kwa ustadi, na chini yake mguu mtupu. Ukimvisha buti umemfuta yule mtu na kuweka mwingine. Umefuta pia funza, ambao waliwalemaza watu vidole kwa maelfu, hasa wapagazi waliotolewa nyanda za juu wakashushwa Rufiji.

Na wapagazi ndio kiini cha mambo yote. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o kwa kasi ambayo hakuna jeshi lingeweza kuifidia. Magari yalizama kwenye tope mvua za mwaka 1917. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu, mzigo wa kilo 25 hivi kwa mtu. Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, nimonia, malaria na njaa. Halafu unaletewa filamu yenye askari 40, maofisa 3, na wapagazi 6 wanaopita nyuma ya picha! Safu halisi ilikuwa inachukua saa nyingi kupita mahali pamoja. Upande wa Wajerumani humo ndani walikuwemo wake za askari na watoto wao, wanapika, wanabeba, wanajifungua njiani. Sijawahi kupewa muswada uliowaweka.

Kuna siku tulikuwa tunarekodi msafara, makasha ya mbao yako tayari, mazuri, yamechakazwa kwa mchanga na chai ili yaonekane ya zamani. Yalikuwa matupu. Vijana walipita mbele ya kamera shingo zimelegea, wanageuka kutazamana, mkono mmoja unashika kasha kwa ncha za vidole. Nikaomba tuyajaze mchanga nusu. Waliporudia, shingo zilisimama, macho yakatazama mbele, hatua zikawa fupi na za haraka, na aliyetaka kugeuka aligeuka mwili mzima. Hakuna aliyewaelekeza. Mwongozaji mwenyewe alinyamaza, akasema turudie tena vilevile.

Mizinga ya Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, nayo nitaigusa, kwa kuwa nimeona ikiigizwa kama vizinga vidogo vya kusukumwa na watu wanne. Meli ile iliangamizwa delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Simama kando yake, uguse mtutu, kisha fikiria kuuburuta porini kwa kamba na mamia ya watu. Jirani yake kuna mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914.

Vyeo vya askari wa Wajerumani havikuwa sajenti na koplo. Walikuwa na ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi, majina yaliyokuja na Wasudani walioandikishwa Cairo mwaka 1889. Kuandika mazungumzo sahihi hakugharimu hata senti.

Umeuliza pia mtu aanzie wapi kukagua. Anza na picha za wakati ule kabla ya kwenda kwa mtu wa kukodisha sare, maana stoo nyingi zina sare za Vita Kuu ya Pili tu. Nenda ukaitazame sanamu ya kumbukumbu ya vita hivi iliyoko Nairobi, mpagazi amewekwa pamoja na askari, si nyuma yao. Kisha angalia tarehe. Huku vita havikuisha Novemba 11, 1918. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alipata habari za kusitisha mapigano siku chache baadaye, askari wake wakiwa wameshafika Kasama, na silaha ziliwekwa chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Muswada ukionyesha askari wake wanakabidhi bunduki tarehe 11, urudishe kwa mwandishi kabla hamjaanza kutafuta kofia.