Mwalimu wa Siasa Ajibu: Kampeni Zina Kazi Gani Ikiwa Kila Mtu Ameshaamua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama, naishi Likoni, Mombasa. Kila uchaguzi wa urais tunapigiwa kelele miezi na miezi, helikopta, malori ya muziki, fulana, halafu mwisho wa yote watu wanapiga kura kikabila. Mwaka 2022 mimi na majirani zangu wengi hatukwenda kituoni, tuliona haina maana. Nyinyi mnaosomea siasa mnasemaje, kampeni hubadilisha chochote? Na zile mia mbili tunazogawiwa mikutanoni, si ndizo zinazonunua kura?

JIBU: Marahaba mama. Nashukuru umelisema wazi la kutokwenda kituoni, maana wengi huniuliza huku wakilificha.

Ngome zipo, hilo sibishani nawe. Mwaka 2022 Homa Bay ilimpa hayati Raila Odinga zaidi ya kura tisa katika kila kumi, na Bomet ikafanya hivyo hivyo kwa William Ruto. Huko kampeni haikwenda kumgeuza mtu. Ilikwenda kuwaamsha watu mapema siku ya kura. Ila tazama hesabu ya nchi. Katika sensa ya 2019 tulikuwa watu milioni 47.6, na Wakikuyu, ambao ndio wengi kuliko jamii nyingine yoyote, walikuwa kama milioni 8.1. Hakuna jamii inayoweza kumpeleka mtu wake Ikulu peke yake. Katiba nayo, Ibara ya 138, inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Mgombea akikaa kwao akishangiliwa, ameshindwa.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wangu waache kuhesabu vichwa uwanjani, wafuatilie helikopta inatua wapi. Mtafiti Jeremy Horowitz alifuatilia mikutano ya wagombea urais katika kampeni za 2007 akaona kwamba nguvu zao nyingi ziliishia nje ya ngome zao, kwa jamii ambazo hazikuwa na mtu wao kwenye kinyang'anyiro. Huko ndiko kura hutafutwa kwelikweli, na huko ndiko maneno ya mgombea yana uzito.

Mlima Kenya, eneo la Wakikuyu na jamii za jirani zao, ulitufundisha zaidi. Tangu uchaguzi wa vyama vingi urudi mwaka 1992, uchaguzi wa 2022 ulikuwa wa kwanza ambao hakuna mtu wa Mlimani kati ya wagombea wakuu. Wote wawili wakaenda kutafuta mgombea mwenza huko huko: Ruto akamchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri, Raila akamchukua Martha Karua wa Kirinyaga. Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo na kigogo wa eneo lile, alisimama na Raila. Kama watu wangefuata kabila na kigogo tu, jibu lilikuwa mkononi. Lakini Ruto alikuwa ameshauzunguka Mlima kwa miaka, kanisa kwa kanisa, akigawa wilbaro kwa vijana na kuzungumza habari za mama mboga, watu wa boda boda na bei ya mbolea. Akashinda hadi Kirinyaga, nyumbani kwa Karua. Hiyo ni kampeni, mama. Iliwapa watu sababu nyingine ya kuchagua, nao wakaichukua. Kama waliahidiwa kweli au uongo ni hoja nyingine, na wana haki ya kuidai hadi leo.

Sasa la Likoni. Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 kwenye daftari, na hata nusu yao hawakufika. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti yao ni 233,211. Waliobaki nyumbani Mombasa pekee walizidi laki tatu. Sitakudanganya kwamba mngegeuza matokeo. Kama mngekuja nyote mkagawanyika vile walivyogawanyika waliofika, pengo lingepungua tu, lisingezibika. Lakini angalia mstari wa nusu. Ruto aliuvuka kwa kura zisizofika 70,000. Zigawe kwa vituo 46,229 vya nchi nzima, unapata kama kura moja na nusu kwa kila kituo. Umbali kati yetu na duru ya pili ulikuwa huo. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na matokeo yake hubandikwa pale pale kwenye Fomu 34A. Siku ile ukipita mlangoni, soma idadi ya walioandikishwa, kisha idadi ya waliopiga. Mimi husoma hizo mbili kabla ya jina la mgombea yeyote. Kura za maoni nyingi za wiki za mwisho zilimweka Raila mbele, na sababu moja ninayoiamini ni hii: anayemwambia mdadisi atampigia fulani hajasema bado kama atatoka nyumbani.

Kuhusu zile mia mbili. Kura ni siri, na anayegawa noti kwa umati hana njia ya kujua nani alifanya nini kibandani. Eric Kramon, aliyefanya utafiti wake hapa Kenya, anaeleza kwamba pesa hizo ni ishara zaidi kuliko malipo: mgombea anaonyesha kwamba anazo, na kwamba atawakumbuka watu wa hapo. Asiyetoa huonekana hana uwezo wala moyo. Kwa hiyo pesa haikununui wewe, ila inamfungia mlango mgombea mzuri asiyekuwa nazo, na hilo ndilo linaloniudhi. Sheria inaihesabu kuwa hongo, kwa anayetoa na kwa anayepokea pia.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kagua kama jina lako bado limo kwenye daftari, wewe na hao majirani zako.